Dawa ya Siku ya Kukimbia

Malalamiko ya kwanza juu ya macho ya mama yangu hayakutaja macho hata kidogo. Yalikuwa juu ya adabu. Jirani yetu wa mtaa wa Mususa, mama mmoja aliyekuwa akiongoza sala katika jumuiya yetu, alinisimamisha njiani nikirudi kutoka kufundisha, akashika kiuno.

"Professeur, mama yako tulimukosea nini?"

Mimi si profesa na sikuwahi kuwa. Wakati ule nilikuwa mwalimu msaidizi katika chuo kimoja cha Butembo, na cheo hicho nilipewa na mtaa kwa ukarimu wake.

"Kuna nini, mama?"

"Ananipitaka. Hata leo asubui, tunapishana karibu hivi, namuambia 'Wabukire, mama,' yeye anaenda tu. Batu banasema ni juu mutoto wake alisoma Kisangani. Sasa hatusalimiake tena siye benye kulima?"

Nakiri kwamba maelezo hayo yalinifurahisha. Shahada yangu haikuwa imemtia mtu yeyote kiburi mpaka siku hiyo, hata mimi mwenyewe, na sasa nilisikia kwamba imepinda shingo ya mwanamke mzima barabarani. Nilimwomba jirani msamaha kwa niaba ya familia, nikaenda nyumbani kumhoji mshtakiwa.

Mama alikuwa ameketi mlangoni, lungo la maharagi mapajani. Alikuwa akilima juu kwenye milima na kuuza maharagi sokoni, na watu walinunua kwake kwa sababu maharagi yake hayakuwa na mawe. Nilipomweleza kosa lake alinyanyua uso.

"Nilimupita nani? Sikuona mutu."

"Alikuwa pembeni yako, mama."

"Basi alikuwa anajificha."

Akainama tena, akaokota kijiwe kidogo kuliko punje ya mchele, akakitupa uani. Nani angeshuku macho ya mtu wa namna hiyo? Aliweza kutunga uzi kwenye sindano mke wangu akiwa bado anautafuta. Kwa hiyo tulitafuta sababu kwingine. Tulisema ni umri. Tulisema anasali rozari akitembea. Tulisema ni mawazo, na hilo lilikuwa rahisi kuliko yote, kwa maana ilikuwa miaka ya vita. Waasi walitutawala, wakagawanyika, wakabadili majina, wakaendelea kututawala. Askari wa kigeni walipita na magari yao. Kwenye vilima walikaa vijana wenye majani kichwani na bunduki begani. Mtu asiyetazama pembeni alionekana ana busara tu.

Kilichomaliza ubishi huo ni chukudu. Kwa wasiofika kwetu, chukudu ni gari la mbao lenye magurudumu mawili, halina pedali wala injini, na likishuka mlima na mzigo wa makabichi halina breki ya kuaminika pia. Mama alivuka barabara mchana kweupe. Chukudu lilikuwa linateremka upande wake wa kushoto, mwenye kuliendesha akipiga kelele kama mtu anayeungua. Mama alisikia kelele, akasimama katikati ya njia, akageuka kuangalia upande wa kulia. Dereva alijitupa mtaroni na makabichi yake yote ili asimvunje. Alipoinuka alikuwa na matope hadi masikioni.

"Mama, unanionaka ao hunionake?"

"Sasa ndiyo nakuona," mama akajibu, naye alikuwa anasema kweli, maana sasa alikuwa mbele yake.

Jioni hiyo, mguu ukiwa umevimba pale gurudumu lilipoukwaruza, alitwambia jambo ambalo hakuwa amelisema kwa mtu: kwamba siku hizi dunia ilikuwa imekuwa nyembamba. Hakusema giza. Alisema nyembamba.

Dokta wa macho alikuwa Beni. Kutoka Butembo hadi Beni si mbali. Siku za amani mtu aliweza kwenda, kula samaki, na kurudi kabla ya giza. Siku zile safari ilitegemea nani alikuwa ameamka vibaya kwenye bariyeri. Tulipanda kamioneti juu ya magunia. Kwenye kizuizi kimoja askari aliyezoea Lingala alimsogelea mama.

"Koko, ozokende wapi?"

"Naenda kutazamisha macho."

Askari akacheka, akawaambia wenzake kwamba hata wao hawaoni kitu katika vita hivi, labda koko, yaani bibi, awaletee dawa. Akafungua. Nilikuwa nimeandaa hotuba fupi ya Kifaransa kuhusu haki ya raia kusafiri. Haikuhitajika, kama hotuba zangu nyingi.

Dokta alikuwa na chumba chake katika zahanati moja ya mtaa wa Beu. Alikuwa mtu wa Kasai, aliyetumwa Beni na serikali kabla ya vita. Kisha vita vilimfungia kwetu, serikali ikabaki upande wa pili wa nchi na mshahara wake ukabaki nayo. Alikuwa amejifunza Kiswahili cha kwetu kwa wagonjwa. Alimketisha mama mbele yake, akamwambia aangalie pua yake, asiiache.

"Naiona, docteur. Iko kubwa."

"Merci, mama. Sasa, bila kuacha pua, niambie: vidole ngapi?"

"Vidole gani?"

Mimi niliyekuwa nimesimama nyuma niliona mkono wa dokta umenyooka kando ya sikio la mama la kushoto, vidole viwili vikicheza hewani. Aliusogeza mbele, polepole. Mama aliendelea kuitazama pua kwa utii. Mkono ulifika karibu kabisa na shavu la dokta mwenyewe ndipo mama akasema, "Ah! Biwili."

Kisha alimlaza, akamtia tone la kutia ganzi, akaweka juu ya jicho kachuma kadogo kenye sindano kama ya mizani. Akafanya hivyo kwa jicho la pili. Akamwangalia ndani kwa taa. Alipomaliza aliketi, akasema ugonjwa huo kwa Kifaransa unaitwa glaucome. Vitabu vya Kiswahili huandika glaukoma. Ndani ya jicho kuna maji yanayoingia na kutoka. Njia ya kutokea ikiziba, maji yanasukuma, na msukumo huo unaua polepole mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Unaanzia pembeni. Hauumi. Mtu anaendelea kutunga sindano huku anapoteza barabara nzima.

Mama alikuwa na swali moja.

"Yenye ilienda, itarudia?"

Dokta hakumzungusha. "Hapana, mama. Yenye ilienda, ilienda. Jicho la kushoto linabakia na kidogo sana. Lakini la kuume lingali na dirisha muzuri. Kazi yetu ni kulinda ile dirisha."

Kwanza alimuuliza kama ana pumu, kwa kuwa dawa ile si nzuri kwa wenye pumu. Hana. Akatoa chupa ndogo za matone zilizoletwa kutoka Uganda kupitia mpaka wa Kasindi: tone moja kila jicho asubuhi, tone moja jioni, kisha kufunga jicho na kubana kwa kidole pembe ya karibu na pua, ili dawa isikimbilie kooni. Kila siku, maisha yote. Chupa ikifunguliwa, baada ya mwezi hivi itupwe hata kama haijaisha. Halafu akanigeukia.

"Na weye, professeur, kaa hapo. Hii maladi inatembeaka mu familia."

Nilikaa, nikahesabu vidole kama mtoto wa chekechea, nikawekewa kachuma. Sikuwa na kitu. Aliniambia nisishangilie, nipimwe kila mwaka, na mpaka leo napimwa.

Tuliporudi Mususa niligeuka mtaalamu. Nilichora jicho kwa chaki kwenye mlango wa jiko, nikaonyesha maji na mshipa. Mama alisikiliza kwa heshima aliyowapa mapadri wageni. Nilimwambia hii dawa ni ya thamani sana, haipatikani Butembo, barabara ikikatwa hatutaipata tena, kwa hiyo tusiichezee. Nililirudia hilo mara nyingi, kwa vile nilidhani ndilo jambo la maana. Kila nilipouliza habari za dawa alinijibu, "Dawa iko, usikuwe na wasiwasi," na mimi, niliyeondoka asubuhi mapema na kurudi nimechoka, sikuwa na wasiwasi.

Miezi ikapita. Barabara ilifungwa, ikafunguliwa, tukarudi Beni. Dokta alimlaza, akaweka kachuma, akakunja uso. Akaweka tena.

"Tension, ule musukumo, iko vile ilikuwa. Inazidi kidogo hata. Na dirisha imepungua." Aliniambia kwa Kifaransa, polepole, kwamba kama matone hayafai basi kunabaki upasuaji, naye hapo hana vifaa, tungepaswa kuvuka mpaka, na mgonjwa wa umri ule, katika njia zile. Hakumaliza sentensi.

Akamgeukia mama. "Chupa ya kwanza iliisha siku gani, mama?"

"Haiyaisha."

"Haiyaisha? Na ya pili?"

"Ile sijaifungua. Dawa iko yote, docteur. Hakuna yenye kupotea."

Alisema kwa fahari ya mwenye nyumba anayejua vitu vyake viko wapi. Dokta akaniangalia mimi. Mimi nikamwangalia mama.

"Iko wapi, mama?" nikauliza.

"Mu furushi."

"Furushi gani?"

"Furushi ya kukimbia. Kwani kuko ingine?"

Hapa lazima nieleze furushi, ingawa mtu wa kwetu hahitaji maelezo. Tangu mdogo wake mama alipotufikia kutoka Kanyabayonga, akiwa amekimbia na shuka moja na redio isiyo na betri, mama aliweka sheria: kila wakati nyuma ya mlango kuwe na furushi lililofungwa tayari. Sufuria, chumvi, blanketi, kadi za ubatizo, mbegu. Nyumba zote za mtaa zilikuwa nalo. Na vitu vilivyoingia humo vilikuwa vile bora. Sufuria nzuri ilikaa kwenye furushi, sisi tukapikia ile iliyotoboka. Blanketi zito lilikaa kwenye furushi, sisi tukajifunika lile jembamba. Tuliishi maisha ya pili kwa ubora ili siku ya kukimbia tukimbie na ya kwanza. Tulizoea hivyo hata hatukuona ajabu yake.

"Ile dawa nilitia siku za kwanza," mama alisema. "Inauma kidogo, na sikuona kitu kubadilika. Nikasema, hapa nyumbani njia nazijua. Miguu inajua mulango, inajua choo, inajua soko. Lakini siku tutakimbia mu musitu, kwenye sijafikaka, pale nitahitaji macho. Mutoto alisema dawa iko ya bei, tusichezee. Basi sikuichezea."

Nilitaka kusema jambo. Nilikuwa na maneno mengi, mengine ya Kilatini. Dokta alininyamazisha kwa mkono, akavuta kiti chake karibu na mama.

"Mama, ulifikiri ni dawa ya kuona?"

"Dawa ya macho si ya kuona?"

"Hapana. Ukitia leo, kesho hutaona zaidi. Ukitia mwaka nzima, hutaona zaidi. Inazuia tu. Kuko kitu kinakula jicho yako ndani, kila siku, kimyakimya. Dawa inakifunga kinywa."

Mama alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya kitenge chake.

"Sawa fukusi mu maharagi?"

"Fukusi ni nini?"

"Kadudu. Kanaingiaka ndani ya haragi. Inje unaona haragi ni nzima, inang'aa. Ukivunja, ndani ni unga."

"Voilà! Ile ile kabisa."

"Aa." Sasa alizungumza kama mtu aliye kazini kwake. "Tunachanganyaka maharagi na majivu tangu siku ya kuvuna. Ukingoja siku ya kupanda ndiyo utie majivu, utapanda unga." Akanigeukia, na macho yake yalikuwa na maji, ingawa sauti ilikuwa ya ugomvi. "Na weye na ile chaki yako, kwa nini hukusema ni majivu?"

Dokta alicheka mpaka akavua miwani. Lakini aliporudi kuandika alikuwa makini. Alimwambia mama ukweli: sehemu ya dirisha iliyoliwa miezi ile haitarudi, sasa tutie dawa kila siku, tuje tena, tuone kama inatosha. Kama haitoshi, itabidi tufikirie mpaka.

Njiani kurudi nilijua mama anafanya hesabu ya kilicholiwa. Nilimshika mkono, akauacha mikononi mwangu, jambo ambalo si desturi yake.

Jioni hiyohiyo alilifungua furushi, akazitoa chupa. Ile iliyofunguliwa tulitupa, na kuitupa kulimuuma kuliko chukudu. Mpya aliiweka kwenye kopo, karibu na rozari, kwa kuwa alikuwa amepata mpango wake: asubuhi kabla ya rozari, tone, jioni kabla ya rozari, tone, na kumi la kwanza la Salamu Maria alilisali macho yamefumbwa, kidole kimebana pembe ya pua. Kumi likiisha, anaachia. Mke wangu aliangalia siku za mwanzo kama tone linaingia jichoni ama linashuka shavuni, akamfundisha kuvuta kope la chini. Mimi nilipewa kazi ya kuulizia madereva wa Kasindi kama dawa imefika. Hakuna aliyeniomba nichore tena.

Kisha siku ya kukimbia ikafika kweli. Ilikuwa alasiri inayoelekea jioni. Risasi zilianza upande wa chini wa mji, kwanza mojamoja, kisha kama mvua kwenye mabati. Mtaa mzima ulitoka nje mara moja. Mke wangu alimfunga mtoto wetu mgongoni. Mimi, msomi wa familia, niliingia ndani kuchukua kitu cha lazima, nikatoka na kamusi ya Kifaransa. Furushi nilikuwa nimelisahau. Mke wangu alilitoa, akanibebesha bila kusema kitu, na ile kamusi akaiweka juu ya meza kwa upole unaouma.

"Twende! Mama yuko wapi?"

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake kidogo uani, kichwa nyuma, chupa mkononi.

"Mama, banapiga masasi!"

"Nasikia. Niko mugonjwa wa macho, si wa masikio."

"Utatia mbele ya safari!"

"Mbele ya safari utatetemeka, nitatetemeka, tone itaanguka mu majani. Ngoja."

Tone la kulia. Tone la kushoto. Akafumba, akabana, akaanza: Salamu Maria. Watu walipita mbele ya ua wetu wakikimbia, godoro kichwani, mbuzi kwa kamba, na kila aliyetazama ndani aliona familia imesimama imebeba mizigo, ikimngoja mwanamke aliyefumba macho. Jirani yetu wa jumuiya alisimama getini, akihema.

"Mama, hii si muda ya kusali!"

"Sisali. Natia dawa," mama akajibu katikati ya sala, akaendelea pale alipoishia.

Nilifikiria kumbeba. Nilifikiria kufupisha kumi lile liwe tano, hata nikafungua kinywa. Mke wangu akatikisa kichwa. Yeye alielewa kabla yangu kwamba tukimkimbiza sasa, kesho atalirudisha lile kopo kwenye furushi, na dawa itakuwa tena kitu cha kungoja. Basi tulisimama. Sijawahi kusikia Salamu Maria zilizo ndefu namna ile, na nimelelewa na wamisionari.

Alipoachia kidole akafuta uso, akaniwekea mkono begani, akanihamishia upande wake wa kushoto, ule usioona.

"Haya. Sasa tukimbie."

Tulilala shambani kwetu mlimani, kwenye kibanda cha kuhifadhia maharagi, na tukakaa huko mpaka mji ukatulia. Kila asubuhi na kila jioni alitoa chupa. Watu wengine waliokimbilia karibu walizoea, watoto wakawa wananyamaza wenyewe akifumba macho.

Barabara ya Beni ilipofunguka tulikwenda. Dokta alikuwa amekonda, na chumba chake kilikuwa kimevunjwa kioo kimoja, lakini kachuma kake alikuwa amekaficha kakabaki kazima. Alimlaza mama, akapima. Akamketisha, akanyoosha mkono pembeni, akausogeza. Nilikuwa nimeshika kofia yangu kwa mikono yote miwili.

"Biwili," mama akasema, mkono ukiwa bado mbali, upande wa kulia.

Dokta akatabasamu. "Tension imeshuka. Na dirisha iko pale pale niliiachaka."

"Haikuongezeka?"

"Hapana, mama. Nilikuambia haitaongezeka. Imebakia pale pale."

Mama alinuna. Nadhani moyoni, pamoja na fukusi na majivu, alikuwa ametegemea zawadi kidogo kwa utii wake. Mimi nilikuwa nimegeukia dirisha la chumba ili nisionekane. Katika jimbo letu, miaka ile, sikukumbuka mtu mwingine aliyeambiwa kwamba kitu chake kimebakia pale alipokiacha.

"Basi ni kutia tu," mama akasema hatimaye.

"Ni kutia tu."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Mwisho ya dawa, ao mwisho yangu?"

"Mwisho yako, mama."

Alifikiri, akafungua mkoba wake, akauweka wazi mbele ya dokta.

"Basi jaza muzuri," akasema. "Miye sina haraka ya kufa."